Kikao cha video kinakwama, kifurushi ni kikubwa: foleni iko wapi?

Kila Jumatatu saa tatu asubuhi, ofisi moja ya mjini Lindi huwasha runinga kubwa ya ukumbini, hugeuza kamera iwatazame wajumbe, na kuungana na wenzao wa Mtwara, Dodoma na Dar es Salaam. Dakika kumi za mwanzo mambo huwa shwari. Ikifika saa tatu na robo hivi, sauti inaanza kukatika. Anayeongea anaganda mdomo wazi, kisha maneno yake yanamwagika kwa mkupuo kama maji ya bomba lililozibuliwa, halafu hayafiki kabisa. Mwenyekiti anauliza, "Mnatusikia?" Upande wa pili nao wanauliza hivyohivyo. Nusu saa ya kikao inaishia hapo.

Nilipoitwa, mkuu wa utawala alinipokea mlangoni. "Fundi," akasema, "tulikuwa na megabiti kumi, tukaongeza zikawa ishirini. Hela inatoka kila mwezi, na bado tunaongea kama roboti."

Malalamiko ya namna hii nimeyasikia Masasi, nimeyasikia Nachingwea, na pale Mtwara mjini ndiyo usiseme. Watu wanalipia mtandao mkubwa zaidi, wananunua kamera mpya, wanabadilisha maikrofoni, na kikao kinaendelea kukwama saa ileile. Nilimwomba asiongeze tena hata shilingi moja mpaka tujue pakiti, yaani vipande vidogo vya data, zinasubiri wapi. Nasema zinasubiri kwa sababu mara nyingi hazijapotea wala hazijaenda polepole njiani. Zimepangwa foleni mahali fulani, na foleni hiyo ina mahali pake hasa ambapo mtu anaweza kwenda kuishika.

Kwa mikoa yetu hili si jambo la anasa. Kutoka Lindi hadi Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 400, kutoka Mtwara ni zaidi ya 500, na Dodoma ni mbali zaidi. Mei 2024, mvua zilizokuja na Kimbunga Hidaya zilipokata barabara ya Dar es Salaam upande wa Kilwa, kikao kwa njia ya video ndicho kilichobaki kwa aliyekuwa na jambo la haraka. Mahakama zetu nazo husikiliza mashauri kwa video, na zina kanuni zake za mwaka 2021. Shahidi akisema "sikumwona" na neno la kwanza likakatika, kilichopotea ni kikubwa kuliko pakiti tatu.

Pakiti ndogo nyuma ya malori

Sauti ya mkutano haisafiri kama mkondo mmoja. Kifaa huikata vipande vipande, kwa kawaida kila kipande kikiwa cha milisekunde 20, yaani vipande 50 kwa sekunde. Kila kipande kinafungwa kwenye pakiti yake na kutumwa. Pakiti ya sauti ni ndogo: hata kwa kodeki (njia ya kugeuza sauti kuwa data) ya zamani ya simu, G.711, pamoja na maelezo yote ya anwani inafika baiti 200 tu, na jumla yake ni kama kilobiti 80 kwa sekunde. Picha ni nzito zaidi. Video ya ubora wa kati huhitaji megabiti moja na nusu hivi kwa sekunde, na ile ya ubora wa juu hufika megabiti 3 hadi 4.

Sasa mtu akipakia faili kwenye mtandao huohuo, kompyuta yake hutuma pakiti zilizojaa, za baiti 1,500 kila moja, na itazituma kwa wingi kadiri njia itakavyoruhusu. Hiyo ndiyo tabia ya protokali ya TCP inayobeba mafaili, barua pepe na kurasa za tovuti: inaongeza kasi mpaka ione pakiti zinaanza kudondoka, ndipo inapunguza. Sauti na picha za mkutano kwa kawaida husafiri kwa protokali nyingine, UDP, ambayo haisubiri wala hairudishi kilichopotea, kwa maana neno lililochelewa nusu sekunde halina kazi tena. Kwa hiyo kwenye njia moja tunao wasafiri wa aina mbili. Mmoja ana haraka na mzigo mdogo. Mwingine hana haraka, ila ana malori mia mbili.

Anayeijua Lindi anakijua kivuko cha Kitunda. Tuseme gari la wagonjwa limefika gatini na mbele yake kuna malori yamejipanga. Kivuko kinaweza kuwa kizuri, nahodha hodari, bahari shwari, na mgonjwa akachelewa vilevile, kwa sababu muda wake unaliwa na foleni na wala si na safari ya majini. Ukileta kivuko kikubwa zaidi, malori nayo yataongezeka mpaka yakijaze. Ndivyo ilivyokuwa kwa megabiti ishirini.

Umbali wenyewe ni mdogo kuliko watu wanavyodhani. Mwanga ndani ya waya wa faiba hukimbia takribani kilomita 200,000 kwa sekunde, hivyo kilomita 500 za kutoka Mtwara hadi Dar es Salaam ni milisekunde mbili na nusu. Hata seva ikiwa Ulaya, kilomita 10,000 za waya ni milisekunde 50. Pendekezo la kimataifa la G.114 la ITU, shirika la Umoja wa Mataifa la mawasiliano, linataka sauti ifike ndani ya milisekunde 150 kwa upande mmoja ili mazungumzo yawe ya kawaida, na linaweka 400 kuwa kikomo cha kupangia mtandao. Hapo tuna nafasi ya kutosha. Anayeila nafasi hiyo ni foleni.

Nilipima. Asubuhi kabla ya kazi, mtandao ukiwa mtupu, jibu la ping (kipimo cha muda wa pakiti kwenda na kurudi) lilirudi kwa milisekunde 30. Nikaanza kupakia faili kubwa kutoka kompyuta moja tu. Ping ikapanda: 200, 700, ikatulia juu kidogo ya 1,500. Sekunde moja na nusu! Kasi haikubadilika, waya haukuguswa, faili moja tu ndilo lililokuwa linapita.

Hesabu yake ni rahisi na kila ofisi inaweza kuifanya. Modemu huwa na bafa, yaani ghala la kuhifadhi pakiti zinazosubiri kutoka. Bafa ya megabaiti moja ni megabiti 8. Kifurushi cha ofisi ile kilikuwa kimeongezeka kutoka 10 hadi 20 upande wa kupakua, lakini upande wa kupakia kilitoka 4 hadi 5, na hakuna aliyewaambia. Megabiti 8 kutoka kwenye mlango wa megabiti 5 kwa sekunde zinahitaji sekunde 1.6. Kila neno la mwenyekiti lilikuwa linasimama nyuma ya mzigo wa sekunde 1.6, na mzigo ukipungua kidogo maneno yanatoka kwa mkupuo, ukiongezeka yanakawia. Kule kuyumba kwa muda wa kufika, mara haraka mara polepole, ndiko kunakofanya sauti iwe ya roboti. Kifaa cha upande wa pili kinajaribu kusawazisha kwa kuzishikilia pakiti kidogo kabla ya kuzicheza, lakini hakiwezi kushikilia sekunde nzima.

Na nani alikuwa anapakia saa tatu na robo? Dada wa masijala. Kila Jumatatu baada ya kufungua barua za wiki alizichanganua na kuzituma makao makuu kwa mfumo. Pamoja naye, simu za wafanyakazi zilizoingia kwenye Wi-Fi ya ofisi zilikuwa zinatuma picha za harusi na misiba ya mwisho wa wiki kwenye hifadhi za mtandaoni, zenyewe, bila mwenye simu kujua. Hakuna aliyekosea. Dada yule alikuwa anafanya kazi yake kwa wakati, na mimi nisingependa mtandao umlazimishe asubiri hadi kikao kiishe.

Mlinzi asimame panapobana

Hapa ndipo mafundi wengi tunapokosea, na mimi nimekosea hivyo kwa miaka. Unafungua ruta, unakuta ukurasa wa QoS (upangaji wa kipaumbele), unaweka kifaa cha mkutano kwenye kipaumbele cha juu, unahifadhi, unaondoka. Hakuna kinachobadilika.

Sababu ni kwamba kipaumbele kina kazi pale tu penye foleni. Ruta yako inapokea pakiti kutoka kompyuta za ndani kwa megabiti 1,000 kwa sekunde na kuzisukuma kwenye modemu kwa megabiti 100 au 1,000. Kwa macho ya ruta hakuna msongamano wowote, kila pakiti inatoka ilivyoingia, hakuna wa kumtanguliza. Foleni inajengeka mbele, ndani ya modemu ya mtoa huduma, na modemu hiyo haijui mwenyekiti wala masijala. Umemweka askari wa barabarani sokoni wakati malori yamejipanga gatini.

Dawa yake inashangaza wengi: unaipunguza kasi yako mwenyewe, kwa makusudi, kidogo. Kama mlango wa kupakia ni megabiti 5, unaiambia ruta isitoe zaidi ya megabiti 4.5. Modemu sasa inapokea pungufu ya inavyoweza kutoa, bafa yake inabaki tupu, na foleni inarudi nyuma na kujengeka ndani ya ruta, kwenye mikono yako. Hapo ndipo askari ana la kufanya. Umepoteza sehemu moja ya kumi ya kasi, umepata mamlaka juu ya foleni nzima.

Upande wa kupakua ni mgumu kidogo, maana pakiti zimeshafika nchini, zimeshapita kwa mtoa huduma, ndipo unaziona. Huwezi kumpanga aliyekwisha kufika. Lakini unaweza kumpunguza mwendo anayetuma: ruta ikizuia jumla isizidi, tuseme, megabiti 17 kati ya 20, pakiti za mafaili zitachelewa au kudondoka kwenye ruta, TCP ya upande wa pili itaona, nayo itapunguza. Hufanya kazi vizuri, ila inahitaji kuacha pengo kubwa zaidi kuliko upande wa kupakia. Mimi huanza na asilimia 85.

Kiwango hicho usikichukue kwenye mkataba. Kipime mwenyewe, mara kadhaa, saa za kazi. Kilichoandikwa kwenye karatasi ni ahadi, na foleni haisomi karatasi.

Chapa 46

Ukishaimiliki foleni, swali linalofuata ni jinsi ruta itakavyoitambua pakiti ya sauti. Tangu 1981, ilipoandikwa protokali ya IP tunayoitumia hadi leo, kichwa cha kila pakiti kilitengewa baiti moja kwa ajili ya kueleza aina ya huduma inayohitajika. Kwa miaka mingi baiti ile haikutumika sana. Desemba 1998 ikapangwa upya: biti sita zake zikawa chapa inayoitwa DSCP, yenye nafasi 64, kutoka 0 hadi 63. Sifuri ni pakiti ya kawaida. Chapa 46 imekuja kuwa ya sauti, na 34 ya picha ya mkutano.

Chapa ni ombi. Haimlazimishi mtu. Kifaa cha mkutano kinaiandika, na kila ruta njiani huamua kuiheshimu, kuipuuza au kuifuta.

Vifaa vya ukumbini vya kampuni kubwa vina ukurasa wake wa kuweka chapa hizo, sauti peke yake na picha peke yake. Programu za kwenye kompyuta hazifanani. Mpangilio wa Microsoft Teams ni 46 kwa sauti, 34 kwa picha na 18 kwa kushirikisha skrini, lakini Windows haiachi hivihivi programu ijiwekee chapa. Msimamizi lazima aweke sera ya kuiruhusu. Zoom kwa chaguo la awali hutumia 56 kwa sauti na 40 kwa picha. Hiyo 56 iko kwenye daraja la mawasiliano ya mitandao yenyewe kwa yenyewe, na ruta nyingine hazipendi kuiona ikitoka kwa mtumiaji. Ofisi inayotumia programu zote mbili itakuta sauti moja ina chapa mbili tofauti. Msimamizi anaweza kubadilisha za Zoom ziwe 46 na 34, nami nashauri afanye hivyo.

Kwa ukumbi wenye kifaa chake maalumu kuna njia nyepesi zaidi: mpe kifaa hicho anwani ya kudumu, kisha iambie ruta iweke chapa yenyewe kwa chochote kinachotoka au kwenda kwenye anwani hiyo. Ubaya wake ni kwamba hata masasisho ya kifaa yatapanda gari la wagonjwa, kwa hiyo yapange yafanyike usiku. Kwa kompyuta ndogo za wafanyakazi tumia namba za milango (port), zinazoonyesha pakiti ni ya programu gani: Zoom hupitisha sauti na picha kwenye UDP 8801 hadi 8810, Teams kwenye 3478 hadi 3481.

Onyo moja nalisema kwa uzito. Usiweke chapa ya juu kwa kompyuta zote za wakubwa kwa sababu tu ni za wakubwa. Nimeombwa hivyo mara nyingi. Kila gari likipewa king'ora, gari la wagonjwa linarudi kuwa gari la kawaida. Na foleni ya sauti yenyewe iwekewe kikomo, wengi huishia kwenye theluthi ya njia, ili siku kitu kibaya kikijivika chapa 46 kisiimeze ofisi nzima.

Tulivyoipanga ruta ya Lindi

Ofisi ilikuwa na ruta ya MikroTik, kama zilivyo ofisi nyingi za huku. Inatosha kabisa, hakukuwa na haja ya kununua kitu. Nasema hivi kwa sababu walishapewa makadirio ya swichi mpya (vifaa vya kuunganisha kompyuta za ndani) za bei kubwa, eti ndizo zinazojua kipaumbele. Swichi ya ndani ina njia ya megabiti 1,000 na mlango wa kutokea ni wa megabiti 5. Msongamano hauwezi kuwa kwenye swichi kwa ofisi ya watu thelathini. Fedha ya swichi ibaki mpaka siku foleni itakapohamia huko.

Tulianza na kupakia. Foleni mama tuliiwekea ukomo wa megabiti 4.5. Chini yake tukazaa tatu: sauti, iliyohakikishiwa megabiti 0.3, picha na skrini, megabiti 2, na mengine yote, megabiti 2.2. Jumla inarudi 4.5. Foleni ya mengine yote tuliiruhusu kupanda hadi 4.5 wakati ukumbi umefungwa, kwa hiyo dada wa masijala siku za kawaida anatumia njia yote. Kwenye MikroTik kipaumbele huandikwa kwa namba 1 hadi 8, na 1 ndiyo ya juu. Wengi hawajui kwamba namba hiyo huangaliwa baada ya kila foleni kupata kiwango ilichohakikishiwa, inagawa kinachobaki. Ukiacha ukomo wa juu wa foleni hizo wazi, au ukisahau kumwekea mama ukomo, namba 1 na namba 8 zitakuwa sawa tu.

Tulipojaribu, tarakimu za foleni ya sauti zilibaki sifuri huku kikao cha majaribio kikiendelea. Nilikagua anwani, nikakagua kanuni za Mangle zinazoweka alama, zote sahihi. Baada ya nusu saa nikaona: FastTrack ilikuwa imewashwa. Kipengele hicho, kilichomo kwenye mpangilio wa kiwandani wa ruta hizi, hupitisha pakiti kwa njia ya mkato ili kuipunguzia ruta kazi, na mkato huo unaruka kanuni za Mangle pamoja na foleni nyingi. Tukaizima. Tarakimu zikaanza kukimbia papo hapo. Kama umefuata maelekezo yote na hakuna kinachobadilika, angalia hapo kwanza.

Ofisi ndogo isiyo na mtu wa TEHAMA ningeipangia kwa njia nyingine. Toleo la 7 la programu ya MikroTik lina aina ya foleni iitwayo CAKE, na ruta nyingine zenye OpenWrt, programu huria ya ruta, nazo zinayo. Unaipa tarakimu mbili tu, ukomo wa kupakia na wa kupakua, nayo hugawa njia kwa haki kati ya watumiaji wote ili mtu mmoja mwenye faili kubwa asimmeze jirani yake. Ikiwekwa kwenye mpangilio wake wa madaraja manne, inasoma chapa pia: 46 inaingia daraja la sauti, 34 la picha. Daraja la sauti lina upendeleo mpaka robo ya njia, la picha mpaka nusu, na likizidi hapo linapoteza upendeleo. Kikomo kile nilichokisema kimo ndani tayari. Kwa kituo cha afya au shule yenye ukumbi mmoja, hiyo inatosha.

Baada ya mpangilio nikarudia kipimo kilekile, faili kubwa likipanda. Ping ikawa 45.

Kuna pengo moja ambalo kipaumbele hakilizibi hata foleni ikiwa yako. Pakiti kubwa ikishaanza kutoka mlangoni haikatizwi. Ya sauti itasubiri iishe. Baiti 1,500 ni biti 12,000. Kwenye megabiti 5 hiyo ni milisekunde 2.4, hakuna atakayesikia. Kwenye kilobiti 512 inakuwa zaidi ya milisekunde 23 kwa kila lori moja, na hapo kikao kitayumba hata ufanyeje. Njia nyembamba kiasi hicho iachie sauti peke yake, kamera zizimwe.

Na ikibidi kuchagua, daima okoa sauti kwanza. Watu huvumilia picha iliyoganda dakika nzima kama wanasikia. Sauti ikikatika sekunde mbili, kikao kimesimama.

Wi-Fi na zile biti tatu

Kifaa cha ukumbini kiunge kwa waya. Ningependa niishie hapo, lakini kuna kumbi ambazo waya haufiki, hivyo hili lielezwe.

Hewani hakuna ruta inayopanga zamu; kila kifaa hushindana kupata nafasi ya kutuma. Wi-Fi ina madaraja yake manne, sauti, picha, kawaida na ya nyuma, na daraja la juu husubiri muda mfupi zaidi kabla ya kujaribu. Tatizo liko kwenye tafsiri. Vifaa vingi hupata daraja la Wi-Fi kwa kuchukua biti tatu za mwanzo za chapa ya DSCP. Andika 46 kwa biti: 101110. Tatu za mwanzo ni 101, yaani 5, na 5 kwa Wi-Fi ni daraja la picha. Sauti inahitaji 6 au 7. Kwa hiyo sauti uliyoipa chapa sahihi inashushwa ikifika hewani na kukaa pamoja na picha, ambayo 34 yake, 100010, inatoa 4, daraja hilohilo. Mwaka 2018 yalitolewa mapendekezo ya kusahihisha ramani hiyo, na vifaa vipya vya maofisini vingi vina mahali pa kuirekebisha. Vya zamani havina. Ndiyo maana narudi kwenye waya.

Nje ya geti

Yote niliyoeleza yanatawala mlango wako. Pakiti ikishatoka kwenda intaneti ya wote, watoa huduma wengi huifuta chapa au huipuuza. Ofisi iliyokodi njia ya kibinafsi hadi makao makuu inaweza kuomba chapa ziheshimiwe, na ikiomba iandikwe kwenye mkataba kwa namba: 46 itapata kiasi gani, 34 kiasi gani.

Tarehe 12 Mei 2024, siku chache tu baada ya Hidaya, mikongo ya baharini ya EASSy na SEACOM ilikatika na intaneti ya nchi ikayumba. Siku kama hiyo hakuna mpangilio wa ruta ya Lindi utakaosaidia, foleni iko baharini. Setilaiti zinazokaa mbali sana angani nazo zina sheria yake: ziko kilomita 35,786 juu ya ikweta, na kupanda na kushuka tu ni karibu milisekunde 240. Zile 150 zimeshapitwa kabla foleni haijaanza. Aliyeko Liwale vijijini na sahani ya namna hiyo apange foleni yake vizuri, itamsaidia kuepuka kukatika, ila aongee kwa zamu, amalize sentensi, asubiri.

Anayetumia modemu ya laini ya simu ana kazi ya ziada. Kasi yake hubadilika kwa saa: alfajiri inaweza kuwa megabiti 15, saa nne asubuhi 4. Ukiweka ukomo kwa kipimo cha alfajiri, mchana foleni itarudi kwenye mnara, nje ya mikono yako. Mimi hupima saa za kikao kwa wiki nzima na kuchukua kipimo cha chini kabisa. Msimu wa korosho, Oktoba kuelekea Januari, napima upya. Miji ya Newala, Tandahimba na Masasi hujaa watu, na mnara ni uleule.

Ofisi ya Lindi niliirudia miezi minane baadaye kwa shughuli nyingine. Vikao vilikuwa vinaenda, lakini mkuu wa utawala alikuwa na swali: walipandisha kifurushi hadi megabiti 40, mbona mafaili yanashuka polepole vilevile? Nikafungua ruta. Ukomo wa kupakua ulikuwa bado 17, nilivyouacha mwenyewe. Kwa miezi mitatu walikuwa wamelipia 40 na kupitisha 17, na hakuna aliyekuwa na habari kwa sababu sikuwaandikia popote. Nikapima upya saa za kazi, nikabadilisha tarakimu mbili, kisha nikachapa karatasi yenye ukomo wa kupakia, ukomo wa kupakua, tarehe ya kipimo na nywila ilipohifadhiwa, nikaibandika ndani ya mlango wa kabati la vifaa.